Walimu wa hesabu, hiyo "ikivuka inabadilika" mnawafundisha watoto au mnawaroga?

Wakuu, heshima mbele. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za matokeo, hauhusu matokeo.

Niko Tanga, Makorora. Binti yangu yuko darasa la saba. Shule siitaji, na msinifuate PM kuuliza. Juzi karudi nyumbani kiganja kimevimba, kijiko cha ubwabwa anakishika kwa mkono wa kushoto. Kosa lake nini? Si utoro, si matusi, hakupigana na mtu. Kakosa kutafuta x.

Nikaomba daftari. Swali lilikuwa 4x + 5 = 13. Mtoto kaandika 4x = 13 − 5, chini yake 4x = 8. Safi kabisa mpaka hapo. Mstari unaofuata: x = 8 − 4, kwa hiyo x = 4. Kalamu nyekundu imepita ukurasa mzima kona kwa kona, na pembeni neno moja, RUDIA. Ile mistari miwili ya juu aliyopatia haikupewa hata kitiki cha huruma. Arudie nini sasa, na nani kamwambia alipopotea?

Nikamuuliza, "Mama, hapa kwa nini umetoa nne?" Akanijibu bila wasiwasi: "Baba, namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika. Ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Nne haina alama mbele, kwa hiyo ni ya kujumlisha, ikivuka inatoa."

Jamani. Huyu mtoto hajakaidi, kafuata alichoambiwa neno kwa neno! Sheria ile ile iliyompatishia mstari wa pili ndiyo iliyomkosesha mstari wa tatu, na kwa sheria hiyo hiyo akachapwa.

Nikachimba zaidi. "Haya, kama x ni 2, basi 4x ni ngapi?" Akasema arobaini na mbili. Nilikaa kimya kidogo. MAGAZIJUTO anaijua hata umwamshe saa nane za usiku, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, lakini darasa la saba hii hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kati ya 4 na x kuna kuzidisha ambako hakuandikwi. Yeye anaona nne imesimama na herufi imesimama pembeni yake, akiitoa herufi akaweka 2 inasomeka 42. Kwa akili ya mtoto hilo ni kosa la kipumbavu? Mimi naona lina mantiki kuliko hiyo "ikivuka inabadilika".

Na msiseme mtoto hana kichwa cha hesabu. Asubuhi kabla ya shule anamsaidia bibi yake kuuza vitumbua na chai pale barazani. Nikamwambia, mteja kachukua vitumbua vinne na chai ya 500, kalipa 1,300, kitumbua kimoja shilingi ngapi? Sijamaliza kusema, "mia mbili". Umejuaje? "Si unaondoa hela ya chai kwanza, inabaki mia nane, unagawa kwa vinne." Ndugu zangu, hiyo ni 4x + 500 = 1,300, ni swali lile lile alilochapiwa, na hatua ni zile zile: unaondoa kilichojumlishwa, halafu unagawanya kwa kilichozidishwa. Barazani kwa bibi anaweza, darasani hawezi. Sasa mniambie mwenye tatizo ni nani.

Kinachoniuma ni kwamba maelezo yenyewe hayazidi dakika tano. Namba haivuki popote. 5 haipandi mtumbwi kwenda upande wa pili ikashuka imevaa alama nyingine. Unatoa 5 kushoto, na kwa kuwa pande mbili zinalingana, huna budi utoe 5 na kulia, la sivyo umevunja usawa. Ndiyo maana kulia kunaonekana 13 − 5. Kisha 4x ni x mara nne, unagawanya kwa 4 huku na huku, x = 2. Halafu mfundishe mtoto arudishe jibu lake kwenye swali: 4 mara 2 ni 8, ongeza 5, 13, imekubali. Angejaribu na ile 4 yake angepata 21 akajua mwenyewe kwamba kuna mahali kateleza, kabla mtu hajashika fimbo.

Hata hiyo alama ya sawasawa hawaelezwi. Nilimwandikia 8 + 4 = ... + 5 ajaze nafasi, akajaza 12 bila kusita, badala ya 7. Kwake ile mistari miwili maana yake ni "hapa weka jibu". Aliyeianzisha kwenye kitabu chake mwaka 1557, Robert Recorde, mtu wa Wales, alichora mistari miwili yenye urefu sawa kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Yaani jambo lenyewe limechorwa ndani ya alama, na bado miaka mingi baadaye mtoto wa Makorora anafichwa.

Sasa fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zipo na walimu wanazijua. Viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, au na mkuu. Kila adhabu iandikwe daftarini. Na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Nionyesheni mahali palipoandikwa kwamba kukosa x ni utovu wa nidhamu! Aliyemchapa binti yangu ni mwalimu wa kiume, na nilipoomba kuona hilo daftari la adhabu nikaambiwa mwenye ufunguo wa kabati katoka.

Ndiyo, nilikwenda shule. Nilikwenda kistaarabu, nikasalimia, nikakaa kwenye kiti. Mwalimu akaniambia, "Mzee, hiyo ni njia ya mkato, mtihani wa taifa hauulizi kwa nini." Nikameza mate. Nilijisemea pengine na yeye alifundishwa hivyo hivyo, darasa lina watoto wengi, chaki zenyewe za kugombea, basi.

Kumbe. Jioni jirani kaniletea daftari la mwanawe anayekwenda twisheni kwa mwalimu HUYO HUYO, mia tano kwa siku, saa kumi jioni, chumba hicho hicho, ubao huo huo. Nafungua naona: "Tunatoa 5 pande zote mbili. Tunagawanya kwa 4 pande zote mbili. Hakiki jibu." Kwa mwandiko wa mtoto, kwa mpangilio mzuri, na vitiki vimejaa.

Kwa hiyo anajua! Asubuhi anawapa watoto mazingaombwe, jioni anauza maelezo. Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu ni bila ada, na kweli ada hatulipi, tunalipia "kwa nini" peke yake. Ambaye bibi yake anategemea vitumbua ndiye anabaki na "ikivuka inabadilika" na kiganja cha moto.

Najua walimu wengi humu si hivi. Aliyenifundisha mimi hesabu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kama pilipili lakini hakufuta ubao mpaka wa nyuma kabisa aelewe. Siwasemi hao. Namsema anayejua na kuficha.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini kaandika "aljebra yenyewe itamsaidia nini, x utaikuta wapi maishani". Kaka, wewe uko Ngamiani, hapa hapa Tanga, ambako kila barabara ina nyumba yenye ugomvi wa mirathi, unauliza x iko wapi? Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, alipoandika juu ya aljebra alitenga sehemu kubwa kwa hesabu za mirathi. Chukua marehemu kaacha mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, na baada ya madeni na fungu la mjane zimebaki milioni 8 za watoto. Binti x, binti x, kaka 2x. Jumla 4x = 8. Ukigawanya, kila binti milioni mbili, kaka nne. Ukifanya kwa "ikivuka inabadilika", kila binti milioni nne na kaka nane, jumla milioni kumi na sita kutoka kwenye urithi wa milioni nane. Nendeni kwa kadhi na hiyo, mtuletee mrejesho.

NYONGEZA 2: Wanaosema nimhamishe shule ya kulipia, asanteni, nitumieni na ada.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Fimbo nitaizungumzia kwa mkuu wa shule, nimeshachapisha hizo kanuni. La twisheni nitalisema mbele ya wote, na daftari la mtoto wa jirani nitaliomba, mwenyewe akikubali. Wazazi wenye watoto pale mnajijua, njooni, msiniachie nisimame peke yangu halafu jioni mnipigie simu kunipongeza. Na walimu wa hesabu mliomo humu, wekeni hapa jinsi mnavyomweleza mtoto 4x = 8 siku ya kwanza kabisa. Nitamsomea binti yangu leo usiku, kesho ana jaribio.