Nimelipa kishika uchumba cha gari la umeme la bei nafuu, miezi 14 baadaye naambiwa nioe dada yake

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "ninunue gari gani". Sitafuti ushauri, nimekuja kulalamika.

Niko Leicester, Uingereza, naendesha teksi. Dizeli langu limeshachoka, kila mwezi gereji. Mwaka jana kampuni moja (jina nalihifadhi, sina hela ya kesi) ikatangaza gari dogo la umeme kwa bei ambayo hata mimi niliweza kuipigia hesabu. Bei yenyewe ilikuwa imeandikwa kubwa kuliko jina la gari. Nikalipa arubuni usiku uleule, mama watoto amesimama nyuma yangu anauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia mwanamke, haya ndiyo maendeleo.

Miezi 14 imepita. Barua pepe zimekuja saba. Ya kwanza ilinikaribisha kwenye toleo la uzinduzi: paa la kioo, rimu za inchi 20, viti vya kupasha joto, betri kubwa, na bei imepanda pauni elfu nane. Ya pili ilileta rangi mpya. Ya tatu sikuisoma hadi mwisho. Mwezi uliopita ndipo akanipigia kijana mmoja mpole sana, sauti ya mtu anayeuza bima.

"Toleo ulilochagua bado halijapangiwa tarehe, bwana. Lakini hilo lenye betri kubwa lipo, unaweza kulichukua wiki ijayo."

Nikamuuliza, kwa hiyo hilo langu lipo au halipo? Akasema lipo kwenye mpango. Nikamwambia kwetu, mtu ukitoa kishika uchumba kwa mdogo mtu halafu ukaletewa dada yake, wazee wanakaa kikao. Hakuelewa, akaniuliza kama napenda rangi ya bluu.

Hasira zikanifanya nianze kuchimba jinsi hawa watu wanavyopanga nini kitoke kwanza. Nikakuta mimi ni wa juzi tu, kalenda watu wamepigwa zamani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Model 3, gari la umeme la kampuni ya Tesla ya Marekani. Tarehe 31 Machi 2016 ilitangazwa kwa dola 35,000. Watu walipanga foleni nje ya maduka kabla hata ya kuliona gari. Ndani ya wiki moja oda zikapita 325,000, na kila oda ni dola 1,000 mezani. Piga hesabu mwenyewe. Julai 2017 yakatoka magari 30 ya kwanza, mengi yakienda kwa wafanyakazi wao wenyewe. Bei? Betri kubwa, dola 44,000, na juu yake kifurushi cha mbwembwe cha dola 5,000 ambacho wakati ule hukuwa na namna ya kukikataa. Jumla 49,000. Rangi ya bure ilikuwa nyeusi peke yake, nyingine yoyote uongeze 1,000.

Lile la 35,000 liliahidiwa mwisho wa mwaka 2017. Halikuja. Katikati ya 2018 likaja la mota mbili na lile la mbio, ambalo likijazwa mbwembwe lilifika dola 78,000. Oktoba likaja la betri ya kati, kuanzia 45,000. Yaani waliteremka ngazi taratibu, wakisimama kila kidato kuhakikisha mwenye hela wa kidato hicho amemalizika. La 35,000 lilifunguliwa tarehe 28 Februari 2019, karibu miaka mitatu tangu foleni ile. Na lilidumu dukani kama theluji ya Leicester: Aprili likatolewa kwenye tovuti, ukilitaka piga simu au nenda dukani kwa miguu yako.

Sasa hapa ndipo damu yangu inapochemka. Serikali ya Marekani ilikuwa inampunguzia mnunuzi kodi dola 7,500 kwa gari la umeme. Lakini kampuni ikishauza magari 200,000 nchini humo, nafuu hiyo inaanza kukatwa. Tesla walifika idadi hiyo Julai 2018, wakiwa wanauza matoleo ya bei ya juu. Kuanzia Januari 2019 nafuu ikawa 3,750, Julai ikawa 1,875, na 2020 ikaisha. Kwa hiyo aliyenunua la 49,000 alipewa 7,500 kamili, na aliyebana matumizi akisubiri la 35,000 akapewa nusu yake. Ruzuku ilimpitia mnyonge juu kwa juu ikatua kwa mwenye nacho. Mtu akiniambia hiyo ni bahati mbaya ya kalenda, namwacha na imani yake.

Najua kuna mtu atakuja na "biashara ni hesabu". Mkuu, hesabu naijua. Betri ndiyo inayokula hela nyingi kwenye gari la umeme, kiwanda kipya kinaanza kwa kujikwaa, na kila toleo unaloongeza ni vipuri vingine na makosa mengine. Mama ntilie mwenye sufuria moja na foleni ndefu ataanza na anayetaka kuku mzima, wa kipapatio atasubiri. Mei 2018 Elon Musk, bosi wa Tesla, mwenyewe aliandika Twitter kwamba wakipeleka toleo la bei ya chini moja kwa moja, kampuni itapata hasara na kufa, kwamba wanahitaji miezi 3 hadi 6 baada ya kufikisha magari 5,000 kwa wiki. Sawa, nimekubali. Ila mbona maneno hayo hayakuandikwa pale watu walipokuwa wanatoa dola 1,000 zao? Mama ntilie hachukui hela ya kipapatio saa mbili asubuhi halafu saa kumi jioni akuambie alikuwa anasubiri kuku waishe.

Na wakati mwingine toleo la chini linatangazwa kwa kazi nyingine kabisa. Kanada, 2019, serikali ilitoa ruzuku ya dola 5,000 za kwao kwa gari ambalo toleo lake la chini kabisa halizidi 45,000, na ndugu zake wa juu wakaruhusiwa hadi 55,000. Tesla wakaleta Model 3 ya 44,999 iliyofungwa kwa programu isizidi kama kilomita 150 kwa chaji moja. Kilomita 150, kwenye baridi ya Kanada! Hilo si gari la kuuzwa, ni jiwe la kuzuia mlango usifunge ili lile la juu yake lipite na ruzuku. Kwa ujanja nawapa maksi zote. Kwa mengine sisemi, uzi utafutwa.

Kufunga kwa programu wenyewe hawakuanza jana. Model S ilipotoka Juni 2012 walianza na toleo la Signature lenye betri ya 85 kWh (kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri). Waliosubiri ya 40 kWh wakaambiwa mwaka 2013 kwamba imefutwa kwa sababu ni asilimia 4 tu ya wateja walioiomba. Wakapewa gari lenye betri ya 60 iliyofungwa itumie 40. Hao angalau walipewa gari.

Cybertruck, ile pikapu yao, sitaki hata kuingia sana. 2019 ikatangazwa kuanzia dola 39,900. Mwisho wa 2023 ikaanza kutoka, na za mwanzo zikabandikwa jina la Foundation Series kwa dola 20,000 zaidi. Ya mota moja ilipokuja Aprili 2025 ilikuwa 69,990, viti vya kitambaa, na miezi michache baadaye ikaondolewa sokoni.

Halafu sisi wa usukani wa kulia ndio mkia wa foleni. Waingereza walitoa pauni 1,000 zao mwaka 2016 sambamba na Wamarekani, Model 3 ikawafikia katikati ya 2019. Na msicheke mlioko Dar na Mombasa, maana mitumba mingi ya usukani wa kulia inawafikia kutoka Japani na huku. Matoleo ya bei nafuu yasipouzwa huku leo, baada ya miaka minane mtaletewa yapi? Mtaletewa yenye rimu za inchi 20 na paa la kioo, mpite nayo barabara ya vumbi.

NYONGEZA: Aliyeniambia nichukue hilo la betri kubwa kwa mkopo, asante. Nimepiga hesabu, rejesho la mwezi linazidi dizeli na gereji kwa pamoja. Aliyesema ninunue Probox, hilo halijakosa ukweli ila halmashauri ya huku haitalisajili teksi.

NYONGEZA 2: Nimeomba arubuni yangu leo asubuhi. Nimejibiwa itachukua "siku kadhaa za kazi", na hapohapo nikatumiwa picha ya hilo la bluu. Kuna mtu huku Uingereza ameshadai arubuni ya gari la umeme ikarudi? Ilichukua siku ngapi, na ulilazimika kupitia benki?