Mrejesho: mjusi wangu aliyekuwa akigeuza ndevu nyeusi

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mjusi wangu mwenye ndevu, wale wenye asili ya Australia, anavimbisha koo jeusi na kutikisa kichwa kwa nguvu kila taa ikiwashwa. Mliosema anajiona kwenye kioo cha tangi lake mlipatia: nilibandika karatasi upande ule, siku ya tatu koo likarudia rangi yake. Kumbe alikuwa anamtisha dume ambaye hayupo!

Na kule kupunga mkono polepole alipokuwa mdogo, nikidhani ni salamu, kumbe alikuwa ananyenyekea kwa woga. Hilo limeniuma. Sasa, nisimtishe, namchukua kutokea ubavuni, si kwa juu. Kuachama chini ya taa bado anaachama, ila ametulia tu, anapunguza joto.