Mnaofunga programu za Python kuwa faili moja na kuficha terminali: data za watu zinapotea na hakuna kinachosema!

Wakuu, nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Kazi yangu ni kurekebisha programu zilizoandikwa na watu wengine, na nyingi ninazoletewa siku hizi ni za aina moja: dirisha la Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha), hifadhidata ya SQLite inayokaa kwenye faili moja, kisha mwandishi kazifunga kwa PyInstaller, chombo cha kugeuza skripti ya Python kuwa programu, zikawa faili moja la exe. Python yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeijaribu programu kwenye kompyuta yake tu, anaificha terminali (lile dirisha jeusi la maandishi), anaigawa kwa watu, na mambo yakiharibika lawama zote anamtupia aliyekaa mbele ya kioo.

Nianze na kisa hiki, maana ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Kuna ofisi ina programu ya kuandikisha wateja. Dada anayeitumia anaingiza majina kutwa nzima. Akibonyeza Hifadhi, jina linaonekana papo hapo kwenye orodha. Akilitafuta, analipata. Jioni anafunga programu, anaondoka. Asubuhi akiifungua, orodha imerudi kama ilivyokuwa siku programu ilipoletwa. Ya jana yote hayapo. Mwandishi wa programu alipoulizwa akajibu kwamba kwake inafanya kazi vizuri, kwa hiyo dada huyo hahifadhi. Wakubwa wake wakalichukua jibu hilo kama lilivyo, na akapewa onyo. Mtu alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, akaonywa kwa uzembe wa mwingine.

Nilipoitwa sikugusa kitufe chochote kwanza. Nilifungua folda ya Temp, pale Windows inapoweka faili za muda, huku programu ikiwa wazi. Mle ndani kulikuwa na folda inayoanza na _MEI ikifuatiwa na tarakimu, na ndani yake kulikuwa na faili la hifadhidata. Nikamwomba aingize jina moja ahifadhi. Saa ya mabadiliko kwenye faili ikasogea. Kuhifadhi kulikuwa kunafanyika kweli, tena bila kosa lolote. Nikamwambia afunge programu. Folda nzima ikatoweka mbele ya macho yetu.

Kwa wasiojua kinachotokea: ukifunga programu kwa --onefile, lile exe ni furushi. Kila linapofunguliwa linajikunjua kwenye folda ya muda, Python inaendeshwa kutoka humo, na programu ikifungwa kwa kawaida folda hiyo inafutwa. Huyu bwana aliandika njia ya hifadhidata kwa kutumia __file__, yaani "weka faili pale skripti ilipo". Kwenye kompyuta yake skripti iko kwenye folda yake ya kazi, faili linabaki, anafurahi. Ndani ya exe, __file__ inaelekeza kwenye folda ya muda. Tena hifadhidata yenyewe aliipakia ndani ya furushi kwa --add-data, kwa hiyo kila asubuhi inatoka nakala mpya ileile ya siku ya kwanza. Hakuna kosa linalotokea mahali popote, na ndiyo maana ni hatari kuliko programu inayokataa kabisa kufunguka.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Data pekee tulizookoa zilikuwa za siku ambazo kompyuta ilizimika ghafla programu ikiwa wazi. Siku hizo PyInstaller haikupata nafasi ya kufuta, folda za _MEI zikabaki zimelundikana kwenye Temp, nikazipitia moja moja na kuchomoa majina. Siku ambazo dada wa watu alifuata utaratibu akafunga programu vizuri, hizo hazikubakiza kitu.

Dawa yake ni mistari michache! Vitu vya kusoma tu, kama picha na ikoni, vitafute kwenye sys._MEIPASS, yaani ile folda ya muda. Vitu vya kuandika, weka kwenye folda ya mtumiaji, yaani LOCALAPPDATA au APPDATA kwa Windows. Usiandike kwenye Program Files pia, maana mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo. Kama hifadhidata haipo, iunde. Kama ipo, iache. Habari ya folda ya muda na sys._MEIPASS imeelezwa kwenye maelekezo ya PyInstaller yenyewe, lakini masomo mengi ya video yanaishia kwenye amri ya kufunga, exe inatokea, mwalimu anakuaga. Watu wanadhani wamemaliza.

Sasa tuje kwenye terminali. Najua kwa nini mnaificha: lile dirisha jeusi linaonekana baya nyuma ya programu. Sawa, lifiche. Lakini ukishaliondoa, umeondoa mahali pekee ambapo makosa yalikuwa yanaandikwa, na wengi wenu hamuweki kitu kingine badala yake. Ukitumia --noconsole, yaani chaguo la kuificha, sys.stdout na sys.stderr (njia za kutolea maandishi ya kawaida na ya makosa) zinakuwa None, yaani hazipo. print itanyamaza tu. Lakini maktaba inayoandika moja kwa moja, kwa mfano ile ya kuchora mstari wa maendeleo, itagonga "'NoneType' object has no attribute 'write'". Kwako na terminali ilikuwa inapita vizuri. Kwa mtumiaji kazi inakatika, na ikitokea ndani ya kitufe, ujumbe huo hauoni mtu.

Na Tkinter ina tabia ambayo kila anayeitumia anapaswa kuijua. Kosa likitokea ndani ya kazi (function) iliyofungwa kwenye kitufe, programu haifungi. Tkinter inaandika kosa kwenye stderr na kuendelea kama kawaida. Sasa stderr haipo. Matokeo yake mtu anabonyeza Hifadhi, kitufe kinabonyea, dirisha limetulia, na hakuna kilichohifadhiwa. Hilo ni kosa la PermissionError labda, yaani kukosa ruhusa, au herufi iliyoshindwa kuandikika kwa sababu kwenye Windows ulitumia open() bila kutaja encoding="utf-8". Mtumiaji atajuaje? Hata mimi nitajuaje, nikiletewa exe tu bila kodi yake, yaani maandishi ya programu?

Naona wengine wanaweka sys.excepthook, mlango wa Python wa kupokea makosa yasiyoshughulikiwa, wanadhani wamefunga kazi. Haitoshi. Makosa ya vitufe vya Tkinter hayapiti huko, yanapita kwenye report_callback_exception ya dirisha kuu. Makosa ya thredi (kazi inayoendeshwa sambamba na dirisha) nayo yana mlango wake, threading.excepthook, ambao upo tangu Python 3.8. Milango hiyo mitatu yote ielekeze kwenye faili moja la logi (kumbukumbu ya makosa), weka tarehe, saa na traceback nzima, yaani maelezo ya kosa na mistari lilikopitia, kisha mwonyeshe mtumiaji kisanduku kinachosema kazi yake haikuhifadhiwa na logi iko wapi. Kwa makosa ya thredi, pitisha ujumbe kwenye foleni ili kisanduku kifunguliwe na thredi kuu. Ukishafanya hivyo, mtu kama mimi akifika anasoma faili, anajua mstari gani umevunjika, anamaliza.

Halafu kuna except: pass, yaani kosa lolote likitokea ndani ya try, limeze kimya. Jamani! Nimefungua kodi za watu nikakuta kila kazi imezungushiwa try, na mwishoni except: pass. Funika kombe mwanaharamu apite. Hata logi ukiiweka haitapata kitu, kwa sababu kosa limeshauawa kabla ya kufika huko. Kama unajua kosa unalolitarajia, litaje kwa jina, FileNotFoundError au sqlite3.OperationalError, na useme unafanya nini likitokea. Kama hulijui, liache lipite hadi kwenye logi.

Kuhusu programu kuganda nitasema kidogo tu, maana limeshasemwa sana. Ukiweka kazi nzito ndani ya kitufe, dirisha haliwezi kujichora wala kupokea chochote, na Windows baada ya sekunde 5 inalitangaza kuwa halijibu. Mtumiaji anaua programu katikati ya kuandika. Peleka kazi kwenye thredi, matokeo yarudi kwa foleni, dirisha liyasome kwa after(), amri ya Tkinter ya kurudia kukagua baada ya muda mfupi. Na usiguse vitufe ukiwa ndani ya thredi ya pili. Antivairasi kuzuia exe zenu hilo siwalaumu sana, kwa sababu wanaotengeneza virusi nao wanatumia PyInstaller, na kianzishi chake kinafanana kwenye exe zote. Ila kumwambia mteja azime antivairasi ni kosa. Funga kwa --onedir (folda badala ya faili moja) bila UPX, kile chombo cha kubana exe, uone kama inapungua.

Najua watakuja wa kusema lugha ya skripti haifai kwa programu za mezani, tuhamie C# au C++. Siafikiani nanyi. Tk, ambayo Tkinter imejengwa juu yake, ilitengenezwa na John Ousterhout ili itumike na lugha ya skripti, Tcl, na mpaka leo watu wanafanyia kazi za maana. Mtu mmoja mwenye Python anaweza kuipa ofisi ndogo programu ambayo isingepatikana kwa njia nyingine, na hilo nalithamini kwa dhati. Ndiyo maana nakasirika. Ofisi ile sasa haitaki kusikia programu ya mtu binafsi, wamerudi kwenye daftari.

Kwa hiyo kabla hujamgawia mtu exe, ichukue uipeleke kwenye kompyuta isiyo na Python, kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Ingiza data, funga, washa kompyuta upya, fungua tena, utazame kama zipo. Kisha zuia kuandika kwenye folda ya data kwa makusudi, ubonyeze Hifadhi, uone programu inasema nini.

Na kama tayari umeshagawa exe ya onefile yenye hifadhidata ndani yake, usimtumie mtu toleo jipya ukamwambia afunge la zamani. Mpigie kwanza. Akiwa hajafunga, mwelekeze aingie Temp, atafute folda ya _MEI, anakili faili la hifadhidata na kuliweka mahali pengine. Akishafunga, ya siku hiyo yameondoka.