Wakuu, nabadilishaje 4.02158E+15 iwe namba ya kawaida?

Safu_B: Wakuu, nina faili limejaa namba kama 4.02158E+15 na 2.55733E+11. Nazitaka kamili. Nimesogeza nukta kulia hatua 15 nikapata 4021580000000000. Nipo sahihi? Kazi inatakiwa kesho.

KipeoHasi: Upo sahihi. E+15 ni mara 10 kwa kipeo cha 15. Kipeo chanya nukta kulia, hasi kushoto. Wengi wanateleza kwenye hasi: 3.07 × 10⁻⁵ ni 0.0000307, sifuri 4 baada ya nukta, si 5, maana hatua ya kwanza inaishia kuruka ile 3.

Mzee wa Desimali: Na namba ya mbele ianzie 1, isifike 10. 47.2 × 10⁶ thamani ni ileile ila umbo bovu, andika 4.72 × 10⁷. Vijana mmezidi kutegemea vikokotoo! Mtu anabonyeza 6 × 10 EXP 4, anapata 600000 badala ya 60000. EXP ina kumi yake tayari.

Tarakimu16: Mleta uzi, hizo namba ni za nini?

Safu_B: Inahusu nini mkuu? Hesabu ni hesabu.

Tarakimu16: Inahusu sana. Kama ni vipimo, sifuri za mwisho hazina neno. Kama zinatambulisha mtu au kitu, umeharibu.

Safu_B: Ni akaunti za wateja. Ila nusu ya safu nimeshajaza sifuri, zote zimefika tarakimu 16 na mfumo umezipokea bila kulalamika.

Tarakimu16: Mfumo umekagua urefu tu. 4.02158E+15 imekadiriwa: inaweza kuwa yoyote kuanzia 4021575000000000 hadi 4021584999999999. Hizo ni namba bilioni 10. Bofya seli moja, upau wa fomula unaonyesha nini?

Safu_B: Sifuri zilezile. Hata kwenye seli ambazo sijazigusa.

Tarakimu16: Basi kuna mtu alilifungua kwenye Excel akalihifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu. CSV inabeba kile kinachoonekana kwenye seli. Kilichofichwa kimekwenda, na hakuna fomula ya kukirudisha. Omba faili jipya. Usilifungue kwa kubofya mara mbili: liingize kupitia menyu ya data, safu uitangaze kuwa maandishi kabla ya kupakia. Ukiiacha kama namba, Excel inatunza tarakimu 15 tu, ya 16 inageuka sifuri.

MpigaDebe: Hii chai, tena ya rangi. Akaunti tarakimu 16, halafu mfano wa pili kipeo 11? Kipeo jumlisha 1: hiyo ni tarakimu 12.

KipeoHasi: 😂😂 Kakamatwa.

Safu_B: Situngi! Hiyo ni safu ya simu, pamoja na msimbo wa nchi. Kwa hiyo za simu nijaze sifuri?

Tarakimu16: Usijaze popote. Tarakimu 12 Excel ingezitunza zote, ila CSV imekuachia 6 za mwanzo. Omba safu zote mbili, na ulizokwisha kuingiza kwenye mfumo zifute leo, kabla hazijatumika.

Safu_B: Zote?

Tarakimu16: Zote.