Elfu tano: bodi ya mbao, mwalimu au programu ya kulipia?

Likoni_Asubuhi: Salaam jamani. Nina 5,000 nataka sataranji yangu ipande. Kuna bodi ya mbao nimeiona Kongowea, kuna mwalimu anayekuja nyumbani, na kuna programu ya kulipia kila mwezi. Nichukue kipi? Nimechoka kupoteza malkia.

Farasi wa Kibokoni: Hujasema unacheza mechi za dakika ngapi. Na huyo malkia anapotea vipi? Hatari huioni kabisa, au unaiona kisha unaisahau?

Mama_Ngome: Mwalimu ni bei gani? Kwa saa ama kwa mwezi?

Bamburi64: Programu, lakini usilipe. Lichess ni bure, na baada ya mechi inakurudisha pale ulipokosea uitafute hatua nzuri mwenyewe. Usikimbilie jibu.

Mama_Ngome: Mimi ni bodi ya mbao na daftari. Ukifungwa, kabla hujaiuliza mashine, andika ulikuwa unawaza nini. Mashine inajua umekosea wapi, haijui kwa nini.

Farasi wa Kibokoni: Na mwalimu muulize kwanza anafundisha nini. Nilimlipa mmoja 4,000 kwa mwezi, miezi miwili. Kazi ikawa kukariri ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mechi, kumi na tano kila mmoja. Nikaenda mashindanoni, mpinzani akaacha njia hatua ya nne tu. Mbele kidogo nikakaa dakika ishirini napiga hesabu: nile kete iliyo mraba wa c6, naye ale, farasi wangu aingie d5. Nikaingia, farasi akaliwa bure. Kichwani mwangu tembo wake alikuwa bado c8, na kwenye bodi alishatoka zamani, yuko e6 anailinda d5. Picha ya mwanzo ilikataa kuondoka. Nikampelekea mwalimu ile mechi, akatazama ufunguzi, akafunga daftari. Pesa nilisahau. Ile miezi miwili bado inaniuma.

Bamburi64: Pole sana. Ila tembo ndiyo nini? Yule ni askofu.

Farasi wa Kibokoni: Kwa Kiarabu ni fil, yaani tembo. Na malkia alikuwa waziri. Uaskofu umekuja baadaye.

Mama_Ngome: Hispania mpaka leo wanamwita alfil.

Bamburi64: Hapa kwetu vijana wote wanasema askofu. Lugha ni ya wanaoisema.

Likoni_Asubuhi: Samahani, nilikuwa kazini. Nacheza dakika tatu, kwa simu, ndani ya feri. Mwalimu ni 1,500 kwa saa.

Mama_Ngome: Dakika tatu! Hapo huna nafasi ya kujiuliza mwenzio anataka nini. Kramnik mwaka 2006 kule Bonn, akiwa bingwa wa dunia na muda anao, alipeleka malkia e3, programu ya kompyuta, Deep Fritz, ikamfunga kwa hatua moja, malkia h7. Sembuse sisi na feri inayumba.

Farasi wa Kibokoni: Kwenye feri funga simu, fumba macho. Farasi yuko g1, mfikishe e4. Ni hatua tatu, mbili hazitoshi, maana kila akiruka anabadilisha rangi ya mraba. Ukiweza hilo, jipe zoezi jingine.

Bamburi64: Kucheza kwa kichwa ni kipaji. Najdorf, yule bingwa wa Argentina, alicheza bodi 45 bila kuziona, São Paulo, 1947. Hilo halifundishiki.

Mama_Ngome: Nani amesema 45? Aanze na farasi mmoja.

Likoni_Asubuhi: Nimejaribu, nimepotea kwenye f3. Kwa hivyo bodi ninunue ama nisinunue?

Bamburi64: Ile ya Kongowea farasi wake wamechongwa vizuri? Tuma picha.