Ndoto ileile ya kukimbizwa, wiki ya sita sasa. Nifanyeje?

Mkesha
Wakuu, habari zenu. Wiki ya sita hii naota jambo moja: nipo kwenye korido ndefu, nyuma kuna mtu nisiyemwona uso, nakimbia lakini miguu haibanduki. Nashtuka saa kumi alfajiri, jasho mwili mzima. Sasa kitanda chenyewe nakiogopa, nashika simu mpaka saa saba usiku ili usingizi unibebe bila taarifa. Nasikia wapo wanaojitambua ndotoni kwamba wanaota, wakaigeuza ndoto. Kweli au porojo? Afya si mbaya, ila natumia dawa ya presha, nilibadilishiwa miezi miwili nyuma.

Popo
Pole mkuu. Si porojo. Mwaka 1975 Keith Hearne, huko Uingereza, alirekodi ishara za macho alizokubaliana na mtu kabla hajalala. Jamaa alizitoa akiwa katikati ya ndoto. Baadaye Stephen LaBerge wa Stanford naye akalithibitisha.

Mimi mchana hubana pua nikajaribu kuvuta pumzi, na hapo najiuliza kwa dhati: hivi naota? Ukizoea, utafanya hivyo hata ndotoni, na huko pua iliyobanwa mara nyingi hupitisha hewa. Ukilala, jiambie, "Nikiiona korido, nitajua naota." Ilinichukua kama miezi miwili. Mara ya kwanza nilifurahi mno nikaamka papo hapo, hahaha.

Bi Shuka
Popo, mtu hajalala wiki sita unampa miezi miwili ya kubana pua! Na wengine watamwambia aweke kengele ya alfajiri ili aingie ndotoni akiwa macho. Asithubutu, usingizi wenyewe hautoshi.

Mdogo wangu, anza ukiwa macho. Iandike ndoto mchana, kisha badilisha unapotaka, hata kwa kichekesho. Hiyo mpya ndiyo uipitie akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Madaktari wa usingizi wanaitumia sana njia hii. Mimi jinamizi langu nililivika kanzu ya harusi, halikurudi na ukali ule. Na simu ilale chumba kingine. Amka saa ileile kila siku, hata ukilala vibaya. Kahawa iishie mchana.

Zamu ya Usiku
Hamjaona alichosema mwishoni? Dawa ya presha! Baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, propranololi kwa mfano, zinajulikana kuleta ndoto za kutisha. Usiiache ghafla, moyo unaweza kukugeuka; rudi kwa aliyekuandikia. Na kama ndoto inarudia jambo lililowahi kukupata kweli, mtafute mtaalamu wa afya ya akili, usipambane nalo peke yako.

Hiyo saa kumi wala si uchawi. Usingizi wa ndoto, ule macho yanapochezacheza chini ya kope, hurefuka kuelekea asubuhi. Pombe huuzuia mwanzoni, kisha unarudi kwa fujo.

Mkesha
Nimesoma pakiti: ni hiyohiyo propranololi! Daktari nitamwona Alhamisi. Bi Shuka, nimeandika kwamba nageuka na kumuuliza yule mtu, "Umepotea?" Nina siku nne nalipitia. Jana korido ilikuja tena, nikakimbia kama kawaida, ila safari hii kulikuwa na mlango. Sikuufungua. Nimeamka saa kumi na moja na nusu.

Bi Shuka
Saa moja na nusu zaidi, si haba. Simu iko wapi?

Mkesha
Ninayo hapa kitandani, dada. Naipeleka sebuleni sasa hivi.