Wakubwa, naomba ushauri: niingie sheria ao niache?
Niko Katuba, Lubumbashi. Nimepata diploma ya sekondari mwaka huu, na baba anataka nisome sheria UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Sababu yake? Eti nabisha sana tangu utoto.

Juzi nilimsindikiza shangazi tribinali, kesi ya kiwanja. Avoka (wakili) wake hakupaza sauti hata kidogo. Alipekua karatasi tu, zote za Kifaransa. Ajabu, nilipenda zile karatasi kuliko mabishano yenyewe. Lakini Kifaransa changu cha kuandika kinalegea, na baada ya masomo kuna staji (mazoezi ya kazi) ya miaka 2 kabla ya kuwa avoka kamili.

Mliopita njia hiyo: wakati wa staji mlikula nini? Na je, avoka anaweza kunikubali kabineni (ofisini) mwake wiki chache niangalie kazi kabla sijajiandikisha?